Mti Utafika Jikoni? Uliza Kivuli

Ukitoka Kisumu kwenda Busia, pale Maseno kuna alama ya Ikweta kando ya barabara. Najua picha unayo: mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Ukipita tena, achana na simu kidogo, tazama kivuli chako.

Kila mwaka, karibu Machi 20 na Septemba 23, jua hapo hupita juu ya utosi. Miale inashuka wima, inafanya pembe ya nyuzi 90 na ardhi, na kivuli kinajificha chini ya viatu. Lakini usiende saa sita kamili. Saa ya Kenya inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, Maseno iko karibu nyuzi 34.6, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hivyo jua letu huchelewa kama dakika arobaini. (Sisi watu wa huku tukichelewa, lawama ni za jua.)

Siku hizo jua hushuka nyuzi 15 kwa saa. Baada ya saa tatu linabaki nyuzi 45. Sasa fikiria pembetatu: wewe umesimama wima, kivuli kimelala, mwale unatoka utosini hadi ncha ya kivuli. Pembe za pembetatu yoyote zikijumlishwa ni 180. Toa 90 ya miguuni, toa 45 ya jua, inabaki 45. Pembe mbili zikiwa sawa, pande zinazozielekea pia ni sawa. Yaani kivuli chako kina urefu wako kabisa.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii niliikumbuka siku nyanya yangu alitaka mkaratusi wake ukatwe. Jamaa wa msumeno aliutazama tu, akasema, "Huu ni mita kumi na tano. Jiko haliwezi guswa." Jiko lilikuwa mita 18 kutoka kwa shina, na nyanya alikuwa humo ndani anachemsha nyoyo.

Haikuwa Machi, kwa hivyo zile nyuzi 45 za bure hazikuwepo. Nikasimamisha fimbo ya mita moja. Kivuli chake, sentimita 80. Nikakimbilia kivuli cha mti kabla jua halijasonga, nikapima kuanzia katikati ya shina: mita 17.6. Uwanja ni tambarare, na miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, kwa hivyo fimbo na mti zina pembetatu zenye pembe zilezile, ndogo na kubwa. Gawanya 17.6 kwa 0.8.

"Mita 22," nikamwambia.

"Kwani umesomea miti?"

Nikampa kanda. Alipima mara mbili, akanyamaza, kisha akamwita kijana wake apande na kamba waukate vipande kutoka juu. "Dani, toka kwanza," nikaita jikoni.

Jioni tulipanga vipande chini: mita 21 na nusu. Mimi nasema nusu iliyopotea ni kisiki. Jamaa anasema ni hesabu yangu.