Waifai Haiishi, Buda

Wasee wa Kitale, rada? Na nyinyi wa Bungoma mnaojiskia juu barabara ya Malaba imewapitia, kujeni pia. Leo ni net.

Aibu ya kwanza ni hii stori ya "waifai imeisha." Buda, waifai haiishi. Hiyo ni mawimbi tu ya kutoka kwa ruta hadi kwa simu yako, hapo hapo keja. Waifai inaweza kuwa imejaa na net iko zii kabisa. Ropoka hivyo mbele ya dem anasoma IT Kibabii uone vile anakublock.

Skiza. Ploti iko na anwani moja huko nje, lakini kila keja iko na namba yake ndani. IP ndio hiyo. Simu yako Kitale ni 192.168-nini-nini, ya beshte yako Kanduyi inaweza kuwa hiyo hiyo, na hamgongani. Hizo ni za ndani. Huko nje kila mtu anaongelewa na ruta yake.

Sasa chapaa. Msee amelipia 8 Mbps, anangoja muvi ya GB 1 iingie chap chap. Wapi! Mbps ni biti, na biti 8 ndio baiti 1. Hapo umenunua MB 1 kwa sekunde. Muvi ni dakika 17, kama hakuna jirani amedandia. Na vile paswadi yako ni 12345678, Tuwan yote imedandia.

Net ikikwama, usianze kutusi watu. Ping ruta kwanza, yaani iulize kama iko macho, mara mingi ni 192.168.1.1. Ikijibu, ping 8.8.8.8 ya huko nje. Hiyo nayo ikijibu na saiti bado zimegoma, ni DNS imelala, ile ya kugeuza majina kuwa namba. Badilisha DNS, songa. Lakini kama ni ruta tu inajibu, shida iko nje. Pigia wenye unalipa.

Mbuyu wangu naye, net ikikwama? Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, net ikatambaa East Africa mzima. Mbuyu akasema ni mvua ya Mlima Elgon. Huyo ndio anachomoa ruta kila usiku ati inamaliza stima. Wati 20 haifiki, mzee! Lakini radi ya huku ikianza, mwache achomoe. Ruta ikiungua ni mangiri, na hatatoa yeye.