Jora la Nguo na Mtambo wa Kuliviringisha

Leo napenda tuzungumze habari za kitu ambacho kila mtu amekiona, lakini ni wachache waliopata kukifikiri. Kitu hicho ni jora la nguo.

Mtu aingiapo katika duka la vitambaa huku Kaloleni, mjini Arusha, huona majora yamesimamishwa ukutani kama magogo. Mwenye duka hulilaza moja juu ya meza na kulisukuma, nalo hujifungua likiviringika. Mnunuzi hutazama rangi, akauliza bei. Je, hutazama pia namna jora lenyewe lilivyoviringishwa? Aghalabu hatazami, na hapo ndipo hasara iwezapo kupata mlango.

Neno jora ni la zamani kuliko viwanda vyetu. Katika karne ya 19 nguo ya merikani, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani, iliuzwa Unguja na bara kwa majora, na jora moja lilikuwa wari 30 hivi. Watu walipima kwa mikono: mikono 2 ni wari 1, na wari 2 ni pima 1. Siku hizi twapima kwa mita, wala si lazima nguo itoke ng'ambo. Hapa Arusha kiwanda cha Sunflag kilianzishwa mwaka 1965, na kile cha A to Z mwaka 1966.

Sasa na tutazame kazi yenyewe. Kuviringisha nguo huonekana kuwa jambo la mchezo: chukua mche, shikiza ncha ya nguo, kisha zungusha. Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme mche una upana wa sentimita 10 kupitia katikati ya duara lake. Mzingo wake ni kama sentimita 31; basi kila uzungukapo mara moja hukusanya nguo ya urefu huo. Jora likinenepa hata upana wake ukawa sentimita 40, kila mzunguko mmoja hukusanya sentimita 125 na zaidi, yaani mara 4 ya kwanza. Kwa hiyo, mche ukizungushwa kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hata mwisho, nguo itakimbizwa mbio zaidi na zaidi.

Katika kitanda cha mfumi jambo hili lingeleta uharibifu mkubwa. Nguo ina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazopitishwa kwa upana. Kama nguo ingevutwa upesi zaidi kila dakika, nyuzi za mshindio zingezidi kuachana, na nguo iliyoanza nzito ingemalizika nyepesi kama wavu.

Mafundi wa mitambo walipata dawa yake. Nguo hupitishwa kwanza juu ya gogo jingine, lililovikwa ganda la kukwaruza kama msasa, ambalo huishika nguo isiteleze. Gogo hili halinenepi, kwa kuwa nguo hupita tu juu yake. Basi kila mzunguko wake huvuta nguo kwa kipimo kile kile. Jora hulikandamiza gogo hilo, likazungushwa kwa kusuguana nalo. Hata jora likinenepa namna gani, halipokei nguo zaidi ya ile iliyotolewa na gogo.

Nguo ikiisha kupakwa rangi na kukaushwa, huviringishwa tena kwa ajili ya kuuzwa. Mara nyingi hupitishwa mbele ya kioo chenye taa, ili mkaguzi aone uzi uliokatika au doa. Gurudumu dogo hugusa nguo na kuhesabu mita zinazopita. Gogo lililopinda kama upinde huitandaza nguo kwa upana isifanye mikunjo. Mwishoni jora hulala juu ya magogo mawili yanayozunguka pamoja, nayo hulizungusha. Mitambo mingine huzungusha mche wenyewe. Lakini hiyo hapana budi iwe na njia ya kupunguza mwendo kadiri jora linavyonenepa.

Jambo kubwa katika kazi hii yote ni mvuto. Nguo ikilegezwa mno, jora huwa laini, tabaka zake huteleza, na pembeni hutokeza kama kofia. Ikivutwa mno, nguo hurefuka, ikafungwa katika hali hiyo ya kurefuka, wala haionyeshi dalili machoni pa mtu. Hivyo ndivyo ilivyo hasa kwa nguo za kusokotwa kwa vitanzi, kama zile za fulana. Hata wavu wa chandarua wahitaji uangalifu, kwani ukivutwa mno matundu yake hubadili umbo. Kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo dawa ya kuua mbu imo ndani ya uzi wenyewe, kwa ujuzi uliotoka kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Katika kazi ya namna hiyo, umbo la tundu ni sehemu ya kinga.

Sasa natuone hasara inavyomfikia mtu. Tuseme jora la mita 50 lilivutwa likazidi kwa sehemu 2 katika kila 100. Mita 1 nzima ni ya uongo. Fundi cherehani wa Kaloleni hulifungua asubuhi, akakata papo hapo sare za wanafunzi. Usiku nguo hupumua na kurudi katika urefu wake wa asili. Suruali iliyokatwa kwa kipimo sawa huwa fupi, mzazi hurudi amekasirika, na fundi hulaumiwa kwa kosa ambalo mkasi wake haukulitenda.

Basi, wasikilizaji, yashikeni haya. Mnunuapo, tazameni kichwa cha jora: pindo za tabaka zote na ziwe sawa, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Libonyezeni kwa kidole gumba mahali pengi. Ugumu wake na uwe mmoja kutoka upande huu hata upande huu. Nguo ipimwapo na ilale juu ya meza bila kuvutwa. Nanyi mafundi, ifungueni nguo, itandazeni bila kuivuta, mkaiache ipumzike usiku kucha kabla ya kuikata. Nguo ya vitanzi ipeni siku nzima. Nguo ya pamba isiyokwisha kurudi kiwandani, ni vema ifuliwe kwanza.

Wazee walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Mtambo hupunguza mwendo wake kwa ajili ya jora. Fundi naye hapungukiwi na kitu akilingojea usiku mmoja.