Kutoka Sahani ya Faluda Hadi Maji Yenye Risasi

Mpishi wa Mji wa Kale, Mombasa, huchemsha maziwa kwa sukari, iliki na nyuzi za agari, kisha huyamimina kwenye sinia na kuyaacha yapoe. Hatimaye faluda hukatwa kwa kisu. Sehemu kubwa ya kipande kile bado ni maji, ila hayamwagiki. Mbegu za tukmaria nazo, zikirowekwa, huvaa koti la ute kabla chai haijapoa.

Wanakemia huita kitu cha namna hiyo haidrojeli: wavu wa molekuli ndefu zilizofungamana, wenye kushika maji mengi kuliko uzito wake wenyewe. Agari hutokana na mwani mwekundu. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walitangaza jeli iliyotengenezwa maabara, ambayo baadaye ilizaa lenzi laini za machoni. Nepi za watoto zina jamaa yake.

Wavu huo unaweza pia kuvua metali majini, kama risasi. Aljineti, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia, ikikorogwa majini na kudondoshwa kwa bomba la sindano ndani ya maji yenye chumvi ya kalisi, kila tone huganda papo hapo likawa punje, mfano wa tukmaria iliyolowa. Kalisi ndiyo iliyofunga minyororo ya molekuli. Kwenye minyororo hiyo kuna vikundi vya atomi vyenye chaji hasi, na ayoni za metali zina chaji chanya. Ayoni za risasi hushikwa kwa nguvu kuliko za kalisi. Basi maji machafu yakipita, risasi huingia na kalisi hutoka. Punje zikishajaa, huoshwa kwa asidi hafifu, risasi ikakusanywa kando, nazo zikarudi kazini mara kadhaa. Maganda ya kamba na kaa, ambayo sokoni hutupwa, hutoa kitosani, ambayo nayo hunasa shaba na metali nyingine.

Mombasa ina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Ng'ambo ya kisiwa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007 kikafungwa 2014. Moshi, vumbi na maji yake machafu viliwafikia wakazi wapatao 3,000, na watoto walipopimwa damu walikutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza mapambano. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Punje za jeli hazingezuia moshi ule. Mahali pake ni kwenye mfereji wa maji machafu, ndani ya ukuta wa kiwanda, metali ingali nyingi na maji ni ya kupimika. Nje ya ukuta, risasi ikishaingia udongoni, hakuna punje ya kuifuata.

Visima vya Mji wa Kale vina shida nyingine. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe: maji ya mvua yakipenya huyeyusha kalisi, na bahari nayo huchangia chumvi. Kalisi, magnesi na sodiamu hugombea nafasi zilezile ambazo risasi ingekaa, na chumvi huisinyaza jeli ya aina nyingi. Tena vijidudu kutoka vyoo vya shimo vitapita, kwani jeli ya kawaida haiviui. Kumuuzia mwenye nyumba punje hizi kama dawa ya kila uchafu kungekuwa kumdhulumu.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji yanapopungua sufuriani, risasi hubaki ileile. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho wala ulimi haviwezi kukitambua. Mwenye kisima karibu na gereji au karakana ya betri na aanze kwa kupeleka sampuli maabara, kabla hajanunua kichujio chochote. Na atakayetumia punje hizi asizitupe jalalani zikishajaa: risasi yote iliyotolewa majini imo ndani yake.