Mikono Kupasuka: Usiilaumu Sindano

Na MWANDISHI WETU

KAZI ya sindano huhitaji vidole laini vyenye kuhisi vyema. Anayefuma vitambaa vya makochi, anayedarizi mashuka ya harusi au anayeshona kofia za vito kule Lamu hutegemea ncha za vidole vyake kama vile dereva anavyotegemea macho. Ngozi ya vidole hivyo ikikauka na kupasuka, kazi huharibika. Uzi hunasa kwenye magamba ya ngozi, sindano hugusa penye kidonda, na tone moja tu la damu laweza kuharibu kitambaa cheupe kilichochukua wiki kadhaa kukamilika.

Kwa akina mama wengi wa mijini, kufuma si jambo la kupitishia wakati. Ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Mteja hatakubali kitambaa chenye doa, na mfumaji asiyeweza kushika sindano kwa wiki mbili hukosa mapato ya wiki mbili.

Wengi wanapopatwa na tatizo hili huilaumu sindano au uzi. Ni kweli kwamba viwili hivyo huzidisha maumivu. Hata hivyo, mara nyingi chanzo hasa huwa kwingine: kwenye karai la kufulia nguo na sufuria za kuosha jikoni.

Kwa nini ngozi hupasuka

Tabaka la juu la ngozi limejengwa kwa chembechembe zilizokufa, ambazo zimepangwa mfano wa matofali. Kati ya matofali hayo mna mafuta ya asili yanayofanya kazi ya saruji. Mafuta hayo huyazuia maji yaliyo ndani ya ngozi yasitoroke, na pia huzuia uchafu na viini visipenye.

Viganja na ncha za vidole havina tezi za kutoa mafuta kama zile zilizoko usoni na kichwani. Kwa hivyo ngozi ya hapo ikishapoteza mafuta yake, haipati mengine kwa haraka. Isitoshe, ngozi ya viganja ni nene. Inapokauka hukosa kunyumbuka, na ukikunja kidole hupasuka kwenye mikunjo na kandokando ya kucha.

Sabuni ndiyo adui mkubwa wa mafuta haya. Kazi yake ni kuondoa mafuta kwenye nguo na vyombo, nayo haichagui. Huyaondoa ya kwenye mikono pia. Sabuni ya kipande na ile ya unga ni kali zaidi kuliko sabuni ya kuogea, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huzidi zote. Maji moto huongeza madhara. Tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini mnamo Machi 2020, watu wengi pia wamezoea kunawa mara nyingi kwa siku na kutumia vitakasa mikono vyenye pombe, mambo ambayo ni mema kwa afya lakini hukausha ngozi.

Hali ya hewa nayo huchangia. Katika miji ya nyanda za juu kama vile Nairobi na Eldoret, baridi ya Juni hadi Agosti na ukavu wa Januari na Februari huvuta unyevu kutoka kwa ngozi. Wanaoota moto wa jiko la makaa huzidi kuikausha mikono yao.

Baada ya yote hayo ndipo mama huketi kufuma. Uzi hupita juu ya kidole kile kile mamia ya mara, na mwanya mdogo uliofanywa na sabuni asubuhi hugeuka kuwa mpasuko jioni. Wapo pia wenye mazoea ya kulamba kidole au uzi ili kuutia sindanoni. Mate yanapokauka huondoka na unyevu wa ngozi, na midomo ina viini vingi. Ni afadhali kutumia tone la maji safi.

Anza kwenye karai

Kwa kuwa tatizo huanzia kwenye sabuni na maji, kinga pia ianzie hapo. Vaa glavu za mpira unapofua au kuosha vyombo. Zikiwezekana, vaa glavu nyepesi za pamba ndani yake ili jasho lisiulowanishe mkono. Usikae nazo muda mrefu bila kuzivua, na ukizikuta zimetoboka, zitupe, maana maji ya sabuni yakiingia ndani hukaa humo.

Tumia maji vuguvugu badala ya maji moto. Suuza mikono vyema, hasa katikati ya vidole na chini ya pete, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na taulo bila kuisugua. Ipake mafuta mara moja kabla unyevu haujaisha. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo. Ukipaka ngozi ikiwa imeshakauka kabisa, hupati faida kamili.

Si lazima ununue dawa za bei ghali. Mafuta ya mgando, ambayo mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka wa 1872, bado ni miongoni mwa bora zaidi kwa kazi hii. Gliserini nayo huvuta unyevu, lakini ichanganye na maji: kijiko kimoja cha gliserini kwa vijiko viwili vya maji. Kwa ngozi iliyoota ugumu, muulize mwenye duka la dawa akupe krimu yenye yurea.

Na kitambaa je?

Hapa ndipo wafumaji wengi hukata tamaa. Wanaogopa, na ni haki yao, kwamba mafuta yataacha madoa kwenye kitambaa. Jawabu ni kugawa saa za siku.

Usiku ni wakati wa mafuta mazito. Kabla ya kulala, loweka mikono katika maji vuguvugu kwa dakika kama tano, ikaushe, jipake mafuta ya mgando kwa wingi, kisha vaa glavu au soksi safi za pamba hadi asubuhi. Endelea hivyo kila usiku kwa wiki mbili.

Mchana tumia losheni nyepesi kidogo tu. Subiri dakika 15, pangusa ncha za vidole kwa kitambaa kikavu, ndipo ushike kazi. Magamba yanayonasa uzi yaondoe polepole kwa tupa ya kucha. Usiyang'oe kwa meno wala kuyavuta.

Penye mpasuko, osha kwa maji safi, paka mafuta kidogo na ufunike kwa plasta unapofanya kazi. Subana, yaani kile kikofia cha kukinga kidole, pia husaidia. Usitie ndimu, chumvi wala dawa ya meno kwenye kidonda. Aidha, jihadhari na krimu zenye steroidi zinazouzwa ovyo. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, hufanya ngozi kuwa nyembamba.

Mwone daktari

Mikono iliyokauka tu huanza kupata nafuu baada ya wiki mbili au tatu za utunzaji. Isipopata nafuu, huenda kuna ugonjwa mwingine. Malengelenge madogo yenye kuwasha huweza kuwa ukurutu. Magamba ya kiganja kimoja tu huenda yakawa ni kuvu. Sehemu nene zenye magamba meupe viwikoni na magotini pia zaweza kuwa dalili ya soriasisi.

Wengine huwa na mzio wa nikeli, madini yanayopakwa kwenye sindano na subana nyingi. Kama pia hereni au saa za bei rahisi hukuwasha, mweleze daktari, na ujaribu subana ya ngozi au ya plastiki. Kitambaa kipya nacho kifue kabla ya kukishona, kwani dawa zinazotiwa kiwandani ili kisijikunje huwadhuru baadhi ya watu.

Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje. Vidonda vyake huchelewa kupona, na ganzi vidoleni humfanya asihisi anapojichoma. Kwa mtu yeyote, kidole kilichovimba, chenye joto au usaha ni cha kupelekwa hospitalini, na mstari mwekundu unaopanda mkononi ni jambo la kuharakishwa siku hiyo hiyo.

Fundi hodari hapitishi wiki bila kuipaka cherehani yake mafuta. Mikono ya mfumaji nayo ni mashine yake, na haina vipuri dukani.