Je, Wajua? Lori Mpakani na Data Ndani ya Kompyuta

Je, wajua kwamba tangu Marais John Magufuli na Edgar Lungu wazindue kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, Oktoba 2019, maofisa wa Tanzania na Zambia huhudumia chini ya paa moja, na lori halikaguliwi tena kila upande?

Je, wajua kwamba kompyuta za Unix na Linux zina mpango wa namna hiyo? Programu zikitumiana data kwa njia ya kawaida, data hunakiliwa mara mbili: kwanza kuingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kisha kutoka humo kwenda kwa mpokeaji. Zikiwa na kumbukumbu ya pamoja, moja huandika na nyingine husoma palepale.

Je, wajua kwamba utaratibu huu ulikuwamo katika Unix System V, iliyotolewa na AT&T mwaka 1983, na ungali unatumika?

Je, wajua kwamba eneo hilohilo la kumbukumbu laweza kuwa na anwani tofauti kwa kila programu? Ndiyo maana anwani iliyoandikwa na moja huweza kuipoteza nyingine.

Je, wajua kwamba kerneli hutoa eneo lakini haiamui zamu? Tuseme programu mbili zinahesabu malori. Zote zinasoma 40, kila moja inaongeza 1, zote zinaandika 41. Malori yamepita mawili, hesabu imeongezeka kwa moja tu.

Je, wajua kwamba dawa yake ni ya miaka ya 1960? Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni semafori: anayetaka kuandika husubiri mwenzake amalize.

Je, wajua kwamba kipande cha kumbukumbu cha System V hakifi na programu iliyokiomba? Hubaki kimeshika nafasi mpaka kifutwe au mashine izimwe. Amri ya `ipcs` huvionyesha vilivyopo, `ipcrm` huvifuta.

Je, wajua kwamba dereva aliye kwenye foleni ya Tunduma na simu ya Android anatumia ujanja huu bila kujua? Android imejengwa juu ya Linux, na programu zake huzaliwa na mzazi mmoja aitwaye Zygote. Huchangia kurasa za kumbukumbu za mzazi huyo, na ukurasa hunakiliwa pale tu programu moja inapotaka kuubadilisha. Bila hivyo, simu yenye kumbukumbu ndogo ingelemewa mapema.