Katuba: Kwa nini kazi iliyopangwa vizuri nyumbani inavurugika ikifika kwenye sekretaria

LUBUMBASHI – Mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wa komine ya Katuba wanaandika kazi zao kwenye kompyuta ya nyumbani, ya ndugu au ya rafiki, wanaziweka kwenye flashi, kisha wanaenda kuzichapisha kwenye sekretaria za barabarani. Hapo ndipo tabu inaanzia. Ukurasa wa 40 umekuwa wa 42, orodha ya yaliyomo haifuatani tena na kurasa, picha imeacha nafasi nyeupe, na mahali pa herufi fulani pametokea visanduku vitupu.

Kila ukurasa unalipiwa. Kazi ikitoka vibaya inachapwa upya, na pesa inatoka mfukoni mara ya pili. Umeme ukikatika katikati, mteja anangoja, lakini siku ya kuweka kazi chuoni haimngoji. Wengi wanamtupia lawama mwenye sekretaria na mashine yake. Mara nyingi, lakini, kosa lilikuwa ndani ya faili tangu ilipotoka nyumbani, na lingeweza kuzuiwa bila kulipa hata franka moja.

Mfuko wenye mafaili ndani

Faili ya Word ambayo jina lake linaishia na .docx inaonekana kuwa kitu kimoja. Kwa kweli ni mfuko uliofungwa. Tangu Word ya mwaka 2007, ndani ya mfuko huo mna mafaili kadhaa yaliyoandikwa kwa XML, lugha ya alama iliyopitishwa mwaka 1998 na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti. Faili moja inabeba maneno, nyingine inabeba maelezo ya mtindo, na picha zina folda yake. LibreOffice, programu isiyolipiwa, inafanya vilevile kwa mafaili yake ya .odt.

XML inaandika maagizo: hiki ni kichwa cha habari, aya hii iandikwe kwa Cambria, ukubwa 12. Ukurasa wenyewe haumo. Unajengwa upya kila faili inapofunguliwa, kwa vifaa vilivyomo katika kompyuta inayoifungua. Ni sawa na kumtumia fundi wa kushona vipimo vya nguo bila kumtumia kitambaa. Fundi atashona, lakini kwa kitambaa alicho nacho.

PDF, iliyoletwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ina kazi nyingine. Humo kila herufi na kila picha inapewa mahali pake pa kudumu. Faili ikigeuzwa kuwa PDF kwenye kompyuta ileile ilipoandikwa, kile ambacho mwandishi alikiona ndicho kitakachotoka kwenye karatasi. Ikigeuzwa kwenye sekretaria, ukurasa unajengwa kwanza kwa vifaa vya sekretaria, na makosa yanagandishwa humo.

Kwa sababu faili ni mfuko, kuna hatari nyingine. Flashi ikichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, au umeme ukikatika wakati huo, mfuko unaweza kubaki haukufungwa vizuri, na faili nzima inakataa kufunguka. Nakala ya pili, kwenye simu au kwenye barua pepe, inaokoa kazi ya miezi.

Fonti haisafiri yenyewe

Fonti, ile ambayo programu za Kifaransa zinaiita « police », ndiyo umbo la herufi. Ndani ya .docx, kwa kawaida, mnasafiri jina la fonti tu. Kompyuta ya sekretaria ikikosa fonti hiyo, inachagua nyingine bila kumuuliza mtu. Herufi za fonti mpya zikiwa pana kidogo kuliko zile za kwanza, neno la mwisho wa mstari linashuka chini, aya inaongezeka mstari mmoja, na baada ya kurasa kadhaa kichwa cha habari kinajikuta peke yake chini ya ukurasa.

Dawa ya kwanza ni kugeuza faili kuwa PDF nyumbani. Dawa ya pili ni kuifunga fonti ndani ya faili: katika Word ya Kifaransa, mtu anaingia kwenye Fichier, Options, Enregistrement, na kuweka alama mbele ya « Incorporer les polices dans le fichier ». Fonti chache hazikubali kufungwa hivyo kwa sababu ya masharti ya wenye kuzitengeneza.

Sekretaria zinazotumia LibreOffice nazo zina njia yao. Kuna fonti za bure zilizotengenezwa zikiwa na upana uleule wa herufi kama zile za Microsoft: Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman, Carlito nafasi ya Calibri, na Caladea nafasi ya Cambria. Zikiwa zimewekwa kwenye kompyuta, mistari inabaki mahali pake hata kama umbo la herufi limebadilika kidogo.

Kuhusu orodha ya yaliyomo, Word haiisahihishi yenyewe kila mara. Kabla ya kutengeneza PDF, kubonyeza Ctrl na A, halafu F9, kunaamuru namba zote za kurasa zihesabiwe upya.

Herufi zilizopitishwa hapa hapa Lubumbashi

Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, ndiyo sababu wengi hawajawahi kuona visanduku vitupu katika barua zao. Wanaoviona zaidi ni wale wanaoandika juu ya lugha nyingine za nchi: wanafunzi wa isimu, watafsiri, na walimu wanaotayarisha vitabu vya kusoma.

Jambo hili linaugusa mji huu moja kwa moja. Kuanzia tarehe 22 hadi 26 Mei 1974, wataalamu wa lugha wa Zaïre walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya kitaifa, iliyoandaliwa na kitivo cha fasihi cha Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaïre, na wakapitisha kanuni za kuandika lugha za nchi. Katika kanuni hizo mna herufi kama ɛ na ɔ, na alama zinazowekwa juu ya vokali kuonyesha sauti ya juu au ya chini.

Alama hizo si mapambo. Kwa Kilingala, « moto » ni mtu, « motó » ni kichwa, na « mɔ́tɔ » ni moto wa kuunguza. Fonti ikikosa ɔ, au mchapaji akiifuta alama ili visanduku viondoke, maneno matatu yanakuwa neno moja. Katika kazi ya isimu, kosa hilo linaharibu hoja yenyewe. Katika kitabu cha watoto, linamfundisha mtoto kusoma vibaya.

Ugumu unatokana na jinsi herufi zinavyohesabiwa. Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ina namba moja kwa é ya Kifaransa. Lakini ɔ́ haina namba yake peke yake. Inaandikwa kwa namba mbili, ya ɔ na ya alama inayoifuata, na fonti ndiyo inayopaswa kujua jinsi ya kuipandisha alama juu ya herufi. Fonti isiyojua inaiacha alama ikielea pembeni, au inaigandamiza ndani ya herufi ya jirani.

Shirika la SIL linatoa bure fonti zilizotengenezwa kwa kazi hii: Charis SIL, Gentium na Andika. Ya mwisho ilitengenezwa kwa wanaojifunza kusoma. Google nayo inatoa bure fonti za Noto.

Mtego mmoja uko katika mafaili ya zamani. Kabla Unicode haijaenea, watu walitengeneza fonti zao na kuchora ɔ juu ya herufi nyingine. Karatasi inatoka nzuri, lakini ndani ya faili neno limeandikwa vingine. Kipimo ni rahisi: nakili sentensi kutoka kwenye PDF na uibandike kwenye ujumbe wa simu. Ikitokea mfululizo wa alama zisizoeleweka, mtu atakayelitafuta neno hilo ndani ya faili hataliona kamwe.

Picha na karatasi

Picha zina mambo mawili. Kwanza, picha inaweza kuwa imeunganishwa tu na faili badala ya kuwekwa ndani. Picha ikibaki nyumbani, sekretaria inapata nafasi tupu. Pili, picha inaweza kuwa imepunguzwa. WhatsApp inazibana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na Word nayo inazibana inapohifadhi faili, mpaka mtu aweke alama kwenye « Ne pas compresser les images dans le fichier ». Kwa uchapaji mzuri, kipimo kinachotumika ni nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji basi nukta karibu 1,180 kwa upana. Anayetuma picha kwa WhatsApp afadhali aitume kama hati.

Ukubwa wa karatasi pia unavuruga mpangilio. Hapa Kongo karatasi ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Kompyuta zilizopangwa kwa matumizi ya Marekani zinaweka Letter, sentimita 21.59 kwa 27.94, iliyo pana zaidi na fupi zaidi. Kazi iliyopangwa kwa Letter ikichapwa kwenye A4 inapunguzwa, au pembe ya jedwali inakatwa. Kipimo hiki kinafaa kuchunguzwa siku ya kwanza ya kuandika, kabla majedwali hayajawekwa.

Kazi itakayofunguliwa baada ya miaka 20

Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Kilikuwa kijitabu kilichopigwa mashine. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, na maneno yalisomeka kama yalivyopigwa, kwa kuwa wino tayari ulikuwa kwenye karatasi. Faili ya kompyuta haina uhakika huo ikiwa fonti yake imebaki kwenye kompyuta nyingine.

Kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka, mwaka 2005 ilipitishwa kanuni ya kimataifa ya PDF/A, inayodai fonti zote ziwemo ndani ya faili. Word na LibreOffice zote zina chaguo hilo wakati wa kutengeneza PDF. Baadaye mtu anaweza kuhakikisha kwa kufungua PDF katika Adobe Reader, Fichier, Propriétés, Polices: mbele ya kila fonti panapaswa kuandikwa kwamba imeingizwa ndani.

Mwanafunzi anayetoka Katuba kwenda kuchapisha anafaa basi kubeba mafaili mawili kwenye flashi: PDF ya kuchapwa, aliyoisoma ukurasa kwa ukurasa kwenye simu yake, na .docx ya kusahihishia, kwa sababu PDF ni ngumu kurekebisha. Akifika, aombe kwanza zichapwe kurasa mbili tu, ule wenye picha na ule wenye herufi za pekee. Zikitoka sawa, ndipo aruhusu kazi nzima ichapwe.