Ng'ombe Mmoja, Baiti Maradufu

Kamusi ndogo ambayo wanachama wetu wanaosoma kompyuta wanaiandika kwa lugha ya Java imezua mjadala mkali kuliko hata ule wa "kompyuta" na "tarakilishi". Mbona programu ya kuunganisha maneno tu inailemea laptopu?

Tuanze na stringi, yaani mfuatano wa herufi. Katika Java, stringi ikishaundwa haibadiliki. Ukiiongezea neno, unapata stringi mpya kabisa, na herufi zote za ile ya kwanza zinanakiliwa tena. Mara moja si kitu. Ndani ya kitanzi ni balaa. Chukua maneno 1,000, kila moja herufi 6 pamoja na nafasi yake. Tokeo ni herufi 6,000, lakini njiani kompyuta imeandika zaidi ya herufi milioni 3, na karibu stringi 1,000 zimebaki takataka kwenye kumbukumbu zikingoja kufagiliwa. Ni sawa na msusi ambaye kila akiongeza ukili mmoja anausuka mkeka mzima upya.

Dawa yake ni StringBuilder. Huanza na nafasi ya herufi 16, na ikijaa hujipanua takriban maradufu. Kwa maneno yetu 1,000 itajipanua mara 9 tu. Ukiitajia ukubwa mapema, hata hizo 9 hazipo. (Kuunganisha maneno mawili matatu nje ya kitanzi, tumieni alama ya kujumlisha bila wasiwasi, hakuna mtu atakayeona tofauti.)

Sasa jambo linalotuhusu sisi Waswahili. Tangu Java 9, iliyotoka mwaka 2017, stringi ambayo herufi zake zote zimo katika orodha ya Latin-1 hutumia baiti 1 kwa kila herufi. Ikiingia herufi moja tu ya nje, stringi nzima huhamia baiti 2. Kiswahili chetu kimo ndani ya orodha hiyo, isipokuwa programu za kuandikia hupenda kuipinda ritifaa ya "ng'ombe", na ritifaa iliyopinda haimo. Makala ya herufi 10,000 yenye ng'ombe mmoja wa namna hiyo hula baiti 20,000. Baya zaidi, kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti: ukimtafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, yule mwingine haonekani.

Kuna pia Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kama kile cha miswada iliyohifadhiwa SOAS, London. Hicho ni baiti 2 tangu mwanzo, na kila irabu huhesabiwa peke yake. Wapo waliopendekeza kamusi ihifadhi herufi za Kilatini tu ili kubana nafasi. Sisi tunakataa: gharama kubwa ilikuwa kwenye kitanzi, wala si kwenye hati. Ritifaa zote zitanyooshwa maneno yanapoingia, na hati ya Kiarabu itaingia na irabu zake.